Mhuri Uliorudi Umeoshwa

Droo ilikutwa imefungwa kwa ufunguo, tena vizuri, na ndani yake kila kitu kilikuwapo isipokuwa mhuri.

Inspekta Egidi Komba aliinama akaichungulia kwa mara ya tatu. Bahasha ya michango ya choo cha shule ilikuwapo, imenenepa. Kishikwambi cha ofisi kilikuwapo, bado kimevaa nailoni yake ya dukani. Hata pedi ya wino ilikuwapo. Mwizi alikuwa amefungua, amechukua mhuri peke yake, amefunga, ameondoka zake.

"Sielewi," alisema.

"Umeshasema mara mbili, afande," alisema Koplo Asma, akiwa na daftari lake mkononi.

"Basi nasema ya tatu. Sielewi."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tarehe ishirini na tano Agosti, katika ofisi ya Serikali ya Mtaa wa Mikaratusi, kata ya Msamala. Kibaridi cha Songea kilikuwa bado kinawapiga watu mabegani. Nje ya ofisi foleni ilikuwa imekwishaundwa, kila mtu na karatasi yake, na kila mtu kakasirika. Na wana haki! Bila mhuri wa mtaa hufungui akaunti benki, huandikishi mtoto shule, huuzi hata nusu ekari. Mtu anaweza kukufahamu tangu unanyonya, lakini kama karatasi yako haijagongwa mhuri, hakujui.

Mtendaji wa mtaa, Leticia, alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mnyoofu, mwenye kupenda taratibu kuliko chakula. Alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini mwake mwenyewe, jambo lililomuudhi waziwazi.

"Funguo ziko ngapi?" Egidi aliuliza.

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa mhudumu."

"Mhudumu ni nani?"

"Lidwina. Yule anayelia pale nje."

"Mhuri uliuona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa, kabla ya saa sita. Nilimgongea mtu barua ya benki. Halafu tukafunga, tukaenda kumzika marehemu Isidori. Mtaa mzima ulikwenda."

"Hapa alibaki nani?"

"Hakubaki mtu."

Asma aliandika: hakubaki mtu.

Lidwina aliitwa akaja akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alikuwa amefika alfajiri, mapema kuliko kawaida, kwa sababu Ijumaa hakufagia kwa ajili ya msiba. Akafungua droo ili afute vumbi, akakuta mhuri haupo.

"Nimefagia humu miaka kumi na tisa, afande. Sijawahi kuchukua hata pini."

"Hakuna aliyesema umechukua, mama."

"Lakini mnanitazama!"

Ni kweli walikuwa wanamtazama. Mtaalamu wa uchunguzi wa eneo la tukio alipaka unga wake mweusi kwenye droo, akapata alama za vidole za Leticia, za Lidwina, na nyingine zilizokuwa zimepandana zikawa ukungu mtupu. Mlango haukuvunjwa. Kufuli halikuguswa. Dirisha lilikuwa na nondo. Kitu pekee kipya ukutani kilikuwa ramani kubwa iliyochorwa kwa mkono, ya mabomba yote ya maji ya mtaa, na kila sehemu inayovuja imetiwa doa jekundu. Kazi safi kabisa. Egidi aliitazama kidogo, akaona haimsaidii, akatoka nje.

Kwenye baraza alikaa Mzee Kajetani, nyuma ya kimeza chake, na kalamu tatu zimepangwa sambamba. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja, na tangu alipostaafu alikaa hapo kila siku ya kazi akiwaandikia watu barua zao. Hati yake ilisomeka hata na asiyevaa miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepata chochote?"

"Nimepata kichwa kuuma. Mwizi anaacha bahasha ya hela, anaacha kishikwambi, anachukua mhuri. Mzee wangu, wewe umeishi na mihuri. Mtu wa namna hiyo anataka nini?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata ukimuuliza saa ngapi.

"Anataka karatasi yake iaminiwe," alisema.

Wakati huo msichana mrefu, mwenye sweta la kijani, alitokeza kwenye uzio akiwa amekumbatia jogoo. Aliona gari la polisi, akaona foleni, akasita. Kisha akageuka na jogoo wake akarudi alikotoka.

"Nani yule?"

"Careen. Mjukuu wangu. Nimemlea mimi tangu ana miaka minne." Uso wa mzee ulichangamka, kisha ukajaa wasiwasi. "Anasoma Ufini, uhandisi wa maji, mwaka wa pili. Na sasa yuko pabaya."

"Pabaya kivipi?"

"Chuo kinataka afanye mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni, huko huko ugenini. Asipofanya, mwaka haukamiliki. Mwaka usipokamilika, ufadhili unakatwa. Ufadhili ukikatwa, anarudi kuuza nyanya na mimi hapa. Ameomba kampuni sabini na nne, Inspekta. Sabini na nne! Wanaomjibu wanasema hana uzoefu wa kazi. Sasa uzoefu ataupata wapi kama wote wanamkatalia? Mwisho wa yote kampuni moja ya pampu ikasema, tuletee ushahidi kwamba umefanya kazi kwenu wiki nane, tutakuchukua. Mwisho ni Ijumaa hii, saa sita mchana."

"Na kazi ameifanya?"

"Ramani umeiona humo ndani?"

Egidi alitikisa kichwa kukubali, akamtakia mzee kheri, akaenda kushughulika na mambo yake. Mtoto wa watu na fildi yake Ufini, hilo lilikuwa jambo la wenyewe. Yeye alikuwa na mwizi wa kutafuta.

*

Msamala ilikuwa na uvumi mmoja tu: viwanja. Kila aliyeulizwa alijibu hivyo. Anayeiba mhuri wa mtaa anataka kughushi hati ya mauziano, akuuzie kiwanja cha jirani yako. Na kwenye viwanja jina lililotajwa lilikuwa moja, Daimu, dalali, aliyegombana na Leticia mwezi mzima kuhusu barua fulani.

Jumanne asubuhi Daimu aliketi kituoni mbele ya Egidi, kavaa koti la suti na kandambili.

"Mhuri wa Mikaratusi uko wapi?"

"Sijui, afande."

"Ulimwambia mtendaji atajuta."

"Nilimwambia. Na hajajuta bado, kwa hiyo si mimi."

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Makaburini. Nilibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma. Waulize. Bega hili hapa bado linauma."

"Kwa nini mtu asikushuku wewe?"

Daimu alimwonea huruma. "Afande, kwa heshima yote. Mimi nikitaka mhuri, nachongewa mjini, asubuhi naagiza, jioni nauchukua. Niuibe wa kazi gani?"

Asma alikohoa ili asicheke.

"Andika hiyo sentensi kama alivyoisema," Egidi alimwambia.

"Hapana, jamani, nilikuwa natoa mfano!" alisema Daimu.

Kwa hiyo Jumanne ilimpatia Egidi jalada jipya la kughushi nyaraka, asilolitaka, na juu ya mhuri wenyewe hakuna kitu. Leticia alikuja kituoni kuandikisha maelezo yake, akakaa saa mbili, akarudia yale yale. Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya akapiga simu kuuliza wamefikia wapi. Egidi akajibu kwamba uchunguzi unaendelea, maneno ambayo polisi wote duniani huyasema wanapokuwa hawajui wanakwenda wapi.

"Nyinyi Wangoni mlisifika kwa vita," alisema Asma, ambaye alikuwa Myao wa Nalasi, Tunduru, na hakuacha nafasi ya utani ipite. "Mhuri mmoja unawashinda?"

"Kamenye korosho zako."

"Korosho nitamenya. Lakini mhuri huu, wallahi, hata mimi umenitoa jasho."

*

Jumatano saa mbili asubuhi Leticia alipiga simu akipiga kelele. Mhuri umerudi.

Ulikuwa mle mle kwenye droo iliyofungwa, umeviringishwa ndani ya ukurasa wa gazeti la zamani. Egidi aliufungua kwa mikono yenye glavu. Harufu ya mafuta ya taa ilimpiga puani. Mpira wa mhuri ulikuwa unang'aa, na kati ya herufi na herufi hamkuwa na hata chembe ya wino mkavu.

"Huu si mhuri wetu!" alisema Lidwina.

"Ni wenu. Soma."

"Wetu ulikuwa mchafu, afande. Herufi zilikuwa zimezibwa tangu mwaka juzi. Hatujawahi kuuosha tangu uletwe."

Egidi alikaa chini. Katika miaka kumi na minane ya upelelezi alishakutana na mwizi aliyelala alikoiba, mwizi aliyepika ugali akala kabla ya kuondoka, hata mwizi aliyesahau kitambulisho chake sebuleni. Mwizi wa kuchukua kitu, kukisugua kikatakata, na kurudisha mahali pake, huyo hakuwahi kumwona. Alihisi kichwa chake kinazunguka kweli kweli. Hasira angeielewa, tamaa angeielewa, lakini usafi?

"Alama za vidole hapa hakuna," alisema mtaalamu. "Mafuta ya taa yamefuta zote."

Asma alikuwa amelikunjua lile gazeti karibu na dirisha. "Afande, njoo uone."

Pembezoni mwa ukurasa, pasipochapwa kitu, palikuwa na alama za mhuri zilizofifia, mtu alikuwa akijaribu kama unashika. Zilikuwa nane. Mhuri ulikuwa wa tarehe, ule wenye vigurudumu vya kuzungusha kwa kidole, na kila alama ilikuwa na tarehe yake. Nne Julai. Kumi na moja. Kumi na nane. Ishirini na tano. Moja Agosti. Saba. Kumi na tano. Ishirini na mbili.

"Siku saba, siku saba, siku saba," alihesabu Egidi. "Halafu hapa sita, halafu nane. Kwa nini?"

Asma alitoa simu akafungua kalenda. "Zote ni Ijumaa, isipokuwa hiyo ya saba Agosti, Alhamisi. Ijumaa yake ilikuwa Nane Nane. Sikukuu. Ofisi za serikali hazifunguliwi."

"Kwa hiyo mwizi wetu anaheshimu sikukuu za taifa."

"Anajua kwamba karatasi yenye mhuri wa siku ya sikukuu itamuumbua. Mtu makini sana huyo." Asma aliguna. "Afande, mdogo wangu alipokuwa fildi, kila Ijumaa alipeleka daftari lake la kazi likagongwe mhuri. Kila Ijumaa. Wiki nane ndiyo fildi yenyewe."

Wote wawili walimgeukia Leticia. Leticia alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni yule mtoto," alisema. "Careen. Nilimkatalia."

"Kwa nini ulimkatalia? Si alifanya kazi?"

"Alifanya! Hiyo ramani ukutani ni yake, naitumia kila siku. Alizunguka na futi yake mtaa mzima, wiki nane. Lakini hakuja na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwake kupitia kwa mkurugenzi wa manispaa. Nitamgongeaje mhuri mtu ambaye kwenye mafaili yangu hayupo? Utaratibu ni utaratibu, Inspekta."

*

Careen hakukimbia, wala hakuficha kitu. Daftari alilitoa mwenyewe kwenye mkoba wake wa begani, akalifungua mezani kwa fahari. Kurasa nane, mihuri minane, na chini ya kila mhuri sahihi ya kuiga ya Leticia, nzuri kuliko sahihi ya Leticia mwenyewe.

"Nimelipiga picha Jumatatu nikawatumia wale wa pampu," alisema. "Kuna tatizo, afande?"

Saa tano alikuwa kwenye chumba cha mahojiano. Basi lake la Dar es Salaam lilikuwa la Ijumaa alfajiri, ndege yake Jumamosi.

"Mhuri huu umegongwa na nani?"

"Na Mama Mtendaji."

"Mama Mtendaji anasema hajakugongea."

"Haiwezekani." Alimtazama Egidi, akamtazama Asma, akarudi kwa Egidi. "Alikataa wiki mbili, ndiyo. Halafu Ijumaa jioni daftari likarudi limegongwa. Nilidhani Mungu amemlainisha."

"Careen, mhuri huu uliibiwa Ijumaa. Unaelewa ninachosema?"

Ilimchukua muda. Kisha akalisukuma daftari mbali naye.

"Kwa hiyo nimewatumia Wafini karatasi ya kughushi? Mimi? Afande, wakijua hilo wananifuta. Si mafunzo tu, chuo chote!"

Akalia. Egidi alimtazama akilia na hakujua afikiri nini. Wanaodanganya alikuwa amewaona wengi, na baadhi walilia vizuri kuliko huyu. Lakini kulikuwa na kitu kinamkera akilini tangu Jumatatu, akakipata.

"Yule jogoo," alisema. "Jumatatu ulikuja ofisini na jogoo. Wa nini?"

"Wa shukrani. Kwa Mama Mtendaji. Nilikuta polisi, nikaona si vizuri kutoa kuku mbele ya polisi, mtasema rushwa."

Asma aliacha kuandika. Mwizi anaweza kufanya mengi, lakini kumpelekea jogoo wa shukrani mtu uliyemwibia, ili umkumbushe kwamba hakukugongea mhuri, hapana. Huyu mtoto hakujua kitu.

"Daftari ulimpa nani?" Egidi aliuliza taratibu.

Careen alifungua mdomo, na hapo hapo akaelewa anaulizwa nini. Akaufunga. Hata maji aliyoletewa aliyasukuma kando.

Egidi alitoka kwenye korido akampigia Leticia.

"Mtendaji, Ijumaa mlipokwenda msibani, funguo uliziacha wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini wapi?"

"Kwa Mzee Kajetani, barazani. Yeye magoti yanamsumbua, makaburini hafiki."

"Na jana ulipokuja kwangu kuandika maelezo?"

"Nilimwachia yeye vilevile."

"Mama! Uliniambia hakubaki mtu!"

"Sasa Mzee Kajetani ndiye mtu?" Leticia alishangaa kwa dhati. "Inspekta, yule mzee ndiyo ofisi yenyewe!"

*

Hawakuhitaji kumfuata. Saa saba mchana Mzee Kajetani alifika kaunta mwenyewe, amevaa koti lake la mahakamani, na hotpoti ya chakula cha mjukuu wake mkononi. Aliiweka kaunta.

"Mpeni ale kwanza," alisema. "Halafu mniandike mimi."

Egidi alimwingiza ofisini, akamsomea haki zake kama sheria inavyotaka. Mzee alimrekebisha mahali pamoja aliporuka neno.

"Mzee, ulichukua mhuri?"

"Nilichukua. Ijumaa saa saba mchana."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda nao nyumbani, nikagonga kurasa nane za daftari la Careen, nikaiga sahihi. Yeye alinipa daftari nikambembeleze mtendaji. Sikumbembeleza. Nilishambembeleza mara tatu."

"Careen alijua?"

"Hakujua. Ningemwambia, angelichoma daftari. Simjui mtoto yule?"

"Kwa nini hukuurudisha?"

"Nilitaka kuurudisha Jumatatu asubuhi, niombe funguo kabla droo haijafunguliwa. Lidwina akanitangulia. Jana mtendaji akaja kwako, akaniachia funguo tena, nikaurudisha."

"Umeoshwa. Kwa nini uliuosha?"

Mzee alionekana kuaibika kwa hilo kuliko kwa wizi. "Ulikuwa mchafu, Inspekta. Huwezi kugonga karatasi inayokwenda ng'ambo kwa mhuri kama ule, wangetudharau. Nilitumia mafuta ya taa na mswaki. Nikajaribu kwenye gazeti. Halafu nikaufungia kwenye gazeti lile lile, maana ndivyo tulivyofanya mahakamani miaka yote, mkono ukajifanyia wenyewe. Zile alama nilizikumbuka nikiwa nimeshafunga droo, na Lidwina anaingia na ndoo."

"Wewe, mzee wangu! Mtu wa mahakama!"

"Miaka thelathini na moja sikugonga karatasi ya uongo. Waliniletea mbuzi, waliniletea fedha, nikakataa." Mzee alilinyoosha koti lake. "Na hii nayo si ya uongo! Kazi kaifanya. Nimemwona kila asubuhi akitoka na futi yake, miguu imejaa vumbi, akirudi usiku anachora. Kampuni sabini na nne zimemwambia huna kitu. Akaja kwao, akafanya, na kwao wakamwambia hupo kwenye faili. Mimi najua karatasi isiyo na mhuri inavyotupwa, nimezitupa mwenyewe, kwa mkono huu. Nikaona ya kwake itatupwa. Nilishindwa, mwanangu. Nilishindwa kabisa."

Alifuta macho kwa kiganja.

"Kinachoniuma ni zile funguo," aliongeza. "Waliniachia bila kufikiri."

Egidi aliandika yote, maelezo ya onyo kurasa tatu. Mzee aliyasoma, akaweka mkato mahali pawili, akasaini. Careen aliachiwa, mzee akaingia mahabusu badala yake.

Kesi ilikuwa imefunguka. Mtuhumiwa kakiri, kielelezo kipo, sababu ipo. Egidi alipaswa kufurahi, na alikuwa hajawahi kujisikia vibaya namna ile baada ya kufaulu.

Asma aliingia na simu ya Careen, iliyochukuliwa kwa uchunguzi. "Bando lilimwishia tangu Jumatatu. Nimeiunganisha na mtandao wangu, ujumbe umeingia. Ni wa juzi, kutoka ile kampuni."

"Wanasemaje?"

"Wanamshukuru kwa daftari. Wanasema hawakuliomba." Asma alisoma tena, polepole, kana kwamba huenda maneno yangebadilika. "Wanachohitaji ni msimamizi wake athibitishe kwa barua pepe kwamba alifanya kazi. Mistari miwili inatosha. Wamemwandikia msimamizi mara mbili, hajajibu."

"Msimamizi nani?"

"Leticia."

*

Alhamisi asubuhi Leticia alifungua kompyuta ya ofisi mbele yao. Barua pepe zilikuwa kwenye pipa la taka, zote mbili.

"Hizi? Nilizifuta! Kizungu kitupu, jina la mtu silijui, anasema nimjibu haraka kwa sababu ya mtu anaitwa Careen. Nikasema, haya, matapeli wamefika mpaka serikali za mitaa. Wanajua mpaka majina ya watoto wetu!"

"Zilikuwa za kweli," alisema Asma.

Leticia alijiinamia. Kwa muda mrefu alitazama ramani ukutani, yenye madoa yake mekundu. Kisha akajivuta kwenye meza, na Asma akamsaidia Kiingereza. Careen amefanya kazi chini yangu wiki nane. Ameifanya vizuri kuliko wote niliowahi kuwasimamia. Leticia akaongeza mstari wa tatu kwa hiari yake: mihuri iliyo kwenye daftari lake haikugongwa na mimi, msiihesabu, na yeye hakujua.

"Bila kumbukumbu namba?" aliuliza. "Bila mhuri?"

"Hivi hivi."

Akabonyeza, akabaki ameshika kifua.

Jibu lilikuja kabla ya saa tano. Careen amepata nafasi, aanze Jumatatu ya wiki inayofuata. Wanashukuru kwa ukweli. Na samahani, waliuliza, hayo maduara ya bluu yana maana gani? Wao walidhani ni mapambo.

*

"Kwa hiyo nimeiba bure," alisema Mzee Kajetani, alipotolewa mahabusu kuambiwa.

"Bure, mzee."

Alitikisa kichwa taratibu. "Na Careen anasemaje?"

"Anasema hasafiri. Basi ni kesho alfajiri, na yeye anasema haondoki Songea akakuacha humu."

Mzee alisimama. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, lakini kaunta nzima iligeuka.

"Mwambie apande basi! Asipopanda nitakuwa nimeiba mara mbili! Apande!"

"Basi itafutwe dhamana," alisema Egidi. "Utarudi Jumatatu twende mahakamani, kesi iko pale pale. Tunahitaji mdhamini na barua yake ya utambulisho."

Leticia alikuwa pale pale, kaja na Careen. Alitoa karatasi mkobani, akainama kaunta akaandika kwa mkono: mimi Leticia, mtendaji wa Mtaa wa Mikaratusi, namfahamu Kajetani, ni mkazi wangu, namdhamini. Akasaini. Halafu mkono wake ukaenda mkobani kwa mazoea, ukarudi mtupu, na wote wakakumbuka kwa pamoja. Mhuri wa Mikaratusi ulikuwa kwenye bahasha ya vielelezo, umefungwa kwa lakiri, nyuma ya Egidi.

Askari wa kaunta alisema kwa upole kwamba barua isiyo na mhuri haipokelewi, afande, ndivyo tulivyoagizwa. Careen alijikunyata. Egidi aliichukua karatasi akaisoma juu mpaka chini. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kupokea barua namna hiyo, na alikuwa amewarudisha watu makwao, akina mama wenye watoto mgongoni, kwa kukosa tu duara moja la bluu.

"Hii ni sahihi yako?" alimuuliza Leticia.

"Ni yangu."

"Unamfahamu mtu huyu?"

"Namfahamu." Macho ya Leticia yalijaa. "Nilimwachia funguo."

Egidi aliiweka barua kwenye jalada, akalifunga.

"Inspekta," alisema Mzee Kajetani, ameshtuka, amenyoosha kidole kwenye jalada. "Barua ile haina mhuri. Usiipokee. Itakuletea matatizo, nakwambia mimi, kwa utaratibu barua ile si kitu..."

"Nyamaza, mzee," alisema Egidi. "Nenda nyumbani ukamfungie mjukuu wako mizigo."

Mzee alikuwa bado amenyoosha kidole kwenye jalada, Careen alipomshika mkono akamtoa nje.